Pwani ya Montserrat: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Montserrat ni kisiwa kidogo cha Karibi ambacho watu wengi hukijua kwa jambo moja tu: volkano. Ni kweli, lakini anayeitazama pwani yake kwa makini ataona kwamba volkano ni sura ya mwisho ya hadithi ndefu ya mafundi wa shanga, wakulima wa Kiirishi, watumwa wa Kiafrika, ndimu, pamba na vimbunga. Haya ndiyo maswali yanayojitokeza mara nyingi. Mengine nimeyajibu kwa ufupi kwa sababu hayana mengi.

Montserrat iko wapi hasa?

Katika upinde wa visiwa vidogo vya mashariki ya Bahari ya Karibi, kama kilomita 45 kusini-magharibi mwa Antigua na kaskazini-magharibi mwa Guadeloupe. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 16, upana kilomita 11, na eneo lake kabla ya volkano kuamka lilikuwa takriban kilomita za mraba 102. Pwani nzima ni kama kilomita 40. Ukiweka kisiwa hicho juu ya Unguja, kitaingia mara kumi na tano na nafasi itabaki.

Ni nchi huru?

Hapana. Ni eneo la ng'ambo la Uingereza, lenye bunge lake dogo na waziri mkuu wake, na gavana anayemwakilisha mfalme. Wenyeji walipewa uraia kamili wa Uingereza mwaka 2002.

Mbona ramani ya zamani na ya sasa hazifanani?

Kwa sababu pwani yenyewe imehama. Hili ndilo swali la msingi, na majibu mengine mengi ya ukurasa huu yanatoka humo.

Chukua ramani ya mwaka 1990 na picha ya setilaiti ya leo. Upande wa kaskazini mistari inakaa juu ya mingine bila tofauti kubwa: Rendezvous Bay, Little Bay, Carr's Bay, zote ziko pale pale. Shuka kusini ndipo mambo yanapoharibika. Mdomo wa bonde la Tar River, upande wa mashariki, zamani ulikuwa ghuba ndogo yenye mwamba na mawe. Sasa kuna ardhi mpya yenye umbo la pepeo iliyotokeza baharini. Kusini-magharibi, mto White River umefanya vivyo hivyo. Mbele ya uwanja wa ndege wa zamani, karibu na Trants, ufukwe ulisogea mamia ya mita baharini baada ya mporomoko wa tarehe 11 Februari 2010. Na mji mkuu Plymouth, uliokuwa umekaa ukingoni mwa maji, leo una uwanda wa mchanga na mawe mahali ambapo mashua zilikuwa zikifungwa.

Ardhi hiyo mpya haina uhakika wa kudumu. Imetengenezwa na majivu, mchanga na mawe yasiyoshikana, kwa hiyo mawimbi ya Atlantiki yanaimega kila siku. Sehemu nyingine zilimegwa karibu zote kabla mporomoko unaofuata haujazijaza tena. Ukiniuliza kama kisiwa kimekua au kimepungua, nitasema kimekua kwa ramani na kimepungua kwa matumizi: ardhi iliyoongezeka hakuna anayeishi juu yake, na ardhi iliyokuwa bora kuliko zote imefungwa.

Volkano hiyo ilianza lini?

Milima ya Soufrière Hills ilianza kutoa mvuke na majivu tarehe 18 Julai 1995. Kabla ya hapo hakuna mlipuko uliorekodiwa tangu Wazungu wafike, ingawa matundu ya mvuke wa kiberiti yalijulikana na watalii walipelekwa kuyaona. Tarehe 21 Agosti mwaka huohuo wingu la majivu liliufunika mji wa Plymouth hadi mchana ukawa giza. Watu wakahamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena. Mwezi Aprili 1996 waliondoka Plymouth kwa mara ya mwisho, wengi wakidhani ni kwa wiki chache.

Siku mbaya kuliko zote ni 25 Juni 1997. Mawingu ya gesi moto yaliyobeba mawe na majivu yalishuka upande wa kaskazini-mashariki na kuua watu 19. Baadhi yao walikuwa wameingia katika eneo lililokatazwa kuhudumia mashamba na mifugo. Watu wa nje huuliza kwa kejeli, walifuata nini huko? Walifuata mazao yao. Udongo mzuri wa kisiwa ulikuwa kusini, na kaskazini walikohamishiwa walikuwa wakiishi kwenye mahema, makanisa na madarasa ya shule.

Mwezi Agosti 1997 Plymouth ikaungua, na Septemba jengo la uwanja wa ndege likateketea.

Je, lava ilitiririka hadi baharini kama ilivyotokea Goma?

La, na tofauti hii ni muhimu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma kama mto na kuingia Ziwa Kivu, ikasukuma ufuo wa ziwa mbele. Lava ya aina ile ni nyepesi, inakwenda. Ya Montserrat ni nzito mno. Haitiririki, inasukumwa juu taratibu na kujirundika mdomoni mwa volkano hadi inakuwa kuba kubwa la mawe yanayowaka. Kuba likizidi uzito au likisimama wima kupita kiasi, upande mmoja unaporomoka. Hapo ndipo linapozaliwa lile wingu la gesi na mawe linaloteremka bondeni kwa kasi ya gari la barabara kuu au zaidi, likiwa na joto la mamia ya nyuzi. Hakuna anayelikimbia kwa miguu.

Wingu hilo likifika baharini, sehemu nzito huzama na kujenga ardhi mpya, na sehemu nyepesi inaweza kuteleza juu ya maji umbali fulani. Tangu 1995 volkano imetoa zaidi ya kilomita moja ya ujazo ya mawe, na sehemu kubwa yake haiko kisiwani tena. Iko chini ya bahari. Mwaka 2012 meli ya utafiti ilichoronga sakafu ya bahari kuzunguka kisiwa kusoma tabaka hizo, pamoja na za milipuko ya zamani sana.

Kuporomoka huko kumewahi kuleta tsunami?

Ndiyo, ndogo ndogo. Tarehe 26 Desemba 1997 ubavu wa kusini-magharibi wa mlima ulianguka, ukapitia bonde la White River hadi baharini, na wimbi lililotokea likaingia nchi kavu kwenye Old Road Bay, upande wa magharibi. Tarehe 12 Julai 2003 kuba liliporomoka kwa kiwango ambacho hakijawahi kurekodiwa kwingineko duniani kwa volkano ya aina hii: takriban mita za ujazo milioni 210, karibu zote zikapitia Tar River. Wimbi lake lilifika hadi Guadeloupe na kuharibu mashua za wavuvi huko Deshaies. Hakuna aliyekufa kwa mawimbi hayo.

Kisiwa chenyewe kimetokana na nini?

Na volkano tatu zilizopokezana kazi kutoka kaskazini kwenda kusini. Chini ya eneo hilo bamba la Atlantiki, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linazama polepole, sentimita mbili hivi kwa mwaka, chini ya bamba la Karibi, na mwamba unaoyeyuka huko chini ndio unaopanda juu. Silver Hills ya kaskazini ndiyo kongwe, ina zaidi ya miaka milioni moja na imekwisha kufa. Centre Hills ikafuata. Soufrière Hills, ya kusini, ndiyo changa na ndiyo inayopumua.

Umri huo unaonekana pwani. Kaskazini, bahari imepata muda wa kutosha kuchonga majabali marefu yanayoshuka wima majini. Kwenye sehemu nyingi za pwani ile huwezi kushuka bila kamba. Katikati kuna ghuba ndogo ndogo kila korongo linapofika baharini. Kusini, kabla ya 1995, kulikuwa na miteremko laini ya majivu ya kale yenye rutuba. Ndiko mashamba makubwa yalikokuwa, na ndiko mji ulikojengwa. Wakoloni walichagua vizuri kwa kilimo na vibaya kwa kila kitu kingine.

Kwa nini mchanga ni mweusi?

Kwa sababu ni volkano iliyosagika. Mchanga wa Woodlands, Bunkum Bay, Lime Kiln Bay, Old Road na kwingineko una rangi kuanzia kijivu hadi nyeusi, na una madini mazito yenye chuma. Jua likiwaka saa sita, vaa viatu.

Upo ufukwe mmoja tu wenye mchanga mweupe, au tuseme wa rangi ya krimu: Rendezvous Bay, karibu na ncha ya kaskazini. Mchanga wake umetokana na vipande vya matumbawe na makombe. Hakuna barabara inayofika huko. Unakwenda kwa mashua kutoka Little Bay, au kwa mguu kwa kupanda kilima kikali na kukishuka upande wa pili, na utarudi kwa njia hiyohiyo. Wanaokwenda husema jasho hilo ndilo lililouokoa ufukwe na mahoteli.

Maji hupwa na kujaa kama kwetu?

Hapana, na hili humshangaza kila mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki. Zanzibar wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Wanawake huenda mbali kuchokoa pweza na mashua hulala ubavu. Montserrat tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata nusu mita. Hakuna nyanda za kutembea, hakuna kusubiri maji yajae ndipo chombo kielee.

Upepo nao ni mwingine. Hakuna kupokezana kwa kaskazi na kusi. Upepo wa mashariki huvuma karibu mwaka mzima, kwa hiyo pwani ya mashariki hupigwa na Atlantiki bila kupumzika, na pwani ya magharibi hubaki tulivu. Ndiyo maana miji, magati na fukwe za kuogelea viko magharibi. Lakini usiiamini sana magharibi hiyo: kati ya Novemba na Machi, dhoruba za mbali sana kaskazini mwa Atlantiki hutuma mawimbi marefu yanayozunguka ncha ya kisiwa na kupiga fukwe ambazo jana zilikuwa shwari.

Nani aliishi pwani hii kabla ya Columbus?

Watu waliokuja kwa mitumbwi kutoka bara la Amerika ya Kusini, kisiwa hadi kisiwa. Kijiji chao kinachojulikana zaidi kilikuwa Trants, kwenye uwanda wa pwani ya mashariki, na watu waliishi humo kuanzia takriban miaka 2,500 iliyopita.

Trants panastahili kusimama kidogo. Waakiolojia walikuta pale karakana za shanga. Si shanga zilizotupwa tu, bali kazi yenyewe katika kila hatua: mawe ghafi, vipande vilivyoanza kuchongwa, vilivyovunjika wakati wa kutobolewa, na zilizokamilika zikang'arishwa. Jiwe lililopendwa lilikuwa akiki nyekundu, ambayo haipatikani Montserrat. Ililetwa kwa mtumbwi, huenda kutoka Antigua. Jaribu kutoboa akiki bila chuma, ukitumia kijiti, mchanga na maji, halafu ukikaribia kumaliza jiwe lipasuke mkononi. Vipande hivyo vilivyopasuka ndivyo vilivyobaki ardhini kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Baadaye uwanja wa ndege ulijengwa kwenye uwanda huohuo, na baada yake yakaja majivu. Ni bahati kwamba uchimbaji ulifanyika kabla.

Columbus alipita Novemba 1493, akakipa kisiwa jina la monasteri ya Kikatalunya, wala hakushuka.

Kwa nini kinaitwa kisiwa cha Wairishi?

Walowezi wa kwanza wa Kiingereza waliletwa kutoka St Kitts mwaka 1632, na wengi wao walikuwa Wakatoliki kutoka Ireland ambao majirani zao Waprotestanti hawakuwataka. Sensa ya mwaka 1678 iliwakuta Wairishi wakiwa takriban saba katika kila Wazungu kumi. Majina ya mahali na ya ukoo yamebaki hadi leo: Kinsale, Cork Hill, Riley, Farrell, Sweeney. Bendera ina mwanamke mwenye kinubi, na paspoti hugongwa muhuri wenye jani la shamroki, alama nyingine ya Ireland.

Watalii hulipenda jambo hili, na idara za utalii hulipenda zaidi. Lakini Wairishi waliofanikiwa nao walinunua watu. Sukari ilipotawala, Waafrika waliotumikishwa wakawa wengi kuliko weupe kwa mbali, na wenyeji wa leo wenye majina ya Riley na Farrell wengi wao ni kizazi cha Waafrika hao.

Tarehe 17 Machi 1768, sikukuu ya Mtakatifu Patriki, watumwa walipanga kuinuka wakati mabwana wakiwa kwenye karamu na vileo. Siri ikavuja. Tisa walinyongwa. Tangu 1985 siku hiyo ni mapumziko ya taifa kwa ajili ya kumbukumbu yao, ingawa mgeni akiona kofia za kijani barabarani anaweza kudhani ni sherehe ya Dublin.

Zile mizinga ufukweni ni za nini?

Za kumzuia Mfaransa, kazi ambayo hazikuifanya vizuri. Wafaransa waliteka kisiwa mwaka 1667, wakakipora mwaka 1712, wakakiteka tena 1782 na kukirudisha kwa mkataba wa 1783. Mizinga iko Carr's Bay, kando ya barabara, na Bransby Point, rasi iliyolinda njia ya kuingilia Plymouth. Shida haikuwa mizinga, ni pwani. Kisiwa chenye ghuba ndogo nyingi na hakuna bandari moja ya kufungwa kwa mnyororo, adui hushukia anapotaka.

Ina maana Montserrat haikuwahi kuwa na bandari?

Bandari ya asili, haikuwa nayo kamwe. Plymouth ilikuwa ghuba wazi tu. Kwa karne nyingi meli zilitia nanga nje na mizigo ikaletwa kwa matishari na mashua hadi ufukweni, mapipa ya sukari yakivirigishwa mchangani. Gati lilikuja baadaye.

Kilichopitia ufukwe huo kilibadilika kila zama: tumbaku na nili kwanza, kisha sukari hadi baada ya watumwa kuachwa huru tarehe 1 Agosti 1834, kisha ndimu. Familia ya Sturge, Waquaker wa Birmingham waliokuwa wapinzani wa utumwa, walipanda mashamba makubwa ya ndimu na kusafirisha maji yake Uingereza. Kimbunga cha Agosti 1899 kiling'oa miti hiyo na kuua watu wapatao mia moja. Baada ya hapo ikaja pamba ya nyuzi ndefu, nyeupe na laini, iliyolimwa kwa vizazi viwili vitatu hadi wadudu, bei na uhamiaji vilipoimaliza. Lime Kiln Bay haina uhusiano na ndimu: hapo palikuwa na tanuri la kuchomea chokaa ya kujengea, kazi ambayo mtu wa Lamu au Kilwa angeielewa bila kuelezwa.

Vimbunga vimeidhuru pwani kiasi gani?

Msimu ni Juni hadi Novemba. Mbali na 1899, wazee walisimulia sana kile cha Septemba 1928. Kinachokumbukwa na walio hai ni Hugo, tarehe 17 Septemba 1989. Kiliharibu zaidi ya asilimia 90 ya majengo, na gati la Plymouth likasombwa. Studio maarufu ya kurekodi muziki ya George Martin, mtayarishaji wa muziki wa kundi la Beatles, iliyofunguliwa 1979 na kuleta wanamuziki wakubwa wa dunia kwenye kilima kilichotazama bahari, haikufunguliwa tena.

Serikali ikajenga upya: gati jipya, hospitali, majengo ya ofisi, maktaba. Kazi zilikuwa zinamalizika, mengine rangi haijakauka vizuri, Julai 1995 ilipofika. Nikisoma historia ya kisiwa hiki, hapo ndipo ninapofunga kitabu kwa muda.

Plymouth ipoje leo?

Imefukiwa. Tope la majivu na mawe lilishuka na kila mvua kubwa na kujaza barabara hadi ghorofa za juu. Mnara wa saa wa kumbukumbu ya vita, uliosimama karibu na gati, umezama pamoja na mitaa iliyouzunguka. Nyumba nyingine zinaonyesha paa tu. Nyingine unaingilia dirisha la ghorofani ukiwa umesimama chini, na ndani unakuta viti na makabati vilivyoachwa, vyote vikiwa na rangi moja ya kijivu. Kisheria bado ndiyo mji mkuu. Shughuli za serikali ziko Brades, kaskazini.

Carr's Bay wamejenga nakala ya ule mnara wa saa. Iko kando ya bahari, upande ambao mlima hauwezi kuufikia kirahisi.

Sasa meli zinafunga wapi?

Little Bay, kaskazini-magharibi. Gati la dharura lilijengwa hapo haraka baada ya Plymouth kupotea, na kwa miaka mingi limebeba mzigo wa nchi nzima: chakula, saruji, mafuta, magari. Kasoro yake ni ile niliyoitaja juu: mawimbi ya kaskazini ya majira ya baridi huingia moja kwa moja, na chombo hulazimika kusubiri nje au kurudi kilikotoka. Mradi wa bandari bora zaidi umepata fedha za Uingereza kupitia Benki ya Maendeleo ya Karibi. Umekwenda kwa mwendo wa pole kuliko watu walivyotarajia. Kila aliyesubiri bandari kujengwa anaujua mwendo huo.

Ni kweli wanauza mchanga?

Kweli kabisa. Volkano ilileta mchanga wa ujenzi bila kikomo, hasa kwenye bonde la Belham, magharibi. Zamani bonde hilo lilikuwa na uwanja wa gofu wa kijani na daraja. Tope la volkano limefukia vyote viwili. Daraja liko chini ya mchanga na magari hupita juu ya kitanda cha mto, ila mvua ikinyesha milimani hakuna anayethubutu. Mdomo wa mto nao umesogea baharini.

Matingatinga huchota, kisha mchanga huchujwa na kusafirishwa visiwa vingine vya Karibi ambavyo fukwe zake zimechoka kuchimbwa. Sehemu ya shehena hiyo imepakiwa kutoka gati la Plymouth, yaani lile lililojengwa baada ya Hugo, ndani ya mji usio na mtu. Kwa maoni yangu hii ndiyo biashara ya haki kuliko zote zilizowahi kupita pwani hiyo: mlima ulichukua, na sasa unalipa kidogo kidogo.

Bahari yenyewe ina nini?

Kaskazini kuna miamba ya matumbawe yenye afya ya wastani na sponji kubwa za rangi. Kusini, majivu yamefunika sehemu kubwa ya sakafu, na tumbawe likifunikwa na majivu hufa kwa kukosa mwanga. Hata hivyo mawe makubwa yaliyoporomoka majini yameanza kushikwa na viumbe wapya.

Kasa wa kijani na ng'amba hutaga kwenye fukwe za magharibi. Wavuvi hutumia madema na juya, kama wetu, na boti nyingi ni ndogo. Sehemu ya maji ya kusini na mashariki imekatazwa kwa usalama, jambo lililowanyima wavuvi maeneo yao ya zamani na kuwapa samaki mapumziko ambayo hayakupangwa na mtu. Tangu 2011 mwani wa sargasamu huja kwa wingi kutoka Atlantiki, hujazana ufukweni upande wa upepo, na ukioza hunuka kama yai bovu.

Watu wangapi wamebaki?

Kabla ya volkano walikuwa zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 5,000, na wote wanaishi theluthi ya kaskazini. Wengi waliohama wako Uingereza na Antigua. Katika waliopo leo, si wachache waliokuja baadaye kutoka Guyana, Jamaika na Jamhuri ya Dominika kufuata kazi za ujenzi.

Nikifika, naweza kuitembelea pwani ya kusini?

Kwanza ufike. Kuanzia 1997 hadi 2005 hakukuwa na uwanja wa ndege, ni helikopta na feri tu. Sasa kuna njia fupi ya ndege juu ya kilima huko Gerald's, ambapo ndege ndogo kutoka Antigua hutua baada ya dakika kama 20. Upepo ukiwa mkali, usipange kuunganisha safari siku hiyohiyo.

Kusini kumegawanywa kwa kanda, na masharti hulegezwa au kukazwa kulingana na ushauri wa kituo cha uangalizi wa volkano. Plymouth huingii peke yako. Unahitaji kibali na mwongozaji aliyesajiliwa, mwenye redio, na mkiambiwa tokeni mnatoka. Lava mpya haijaonekana tangu Februari 2010, lakini gesi inaendelea kutoka na wataalamu wanaihesabu volkano kuwa hai. Ukitaka kuona yote bila kibali cha nchi kavu, kuna mashua zinazopita mbali kidogo na pwani, na kutoka baharini ndipo unapoona vizuri ukubwa wa ile ardhi mpya. Siku ya mawingu utaona nusu ya chini ya mlima tu.

Kile kijabali kinachoonekana upande wa kaskazini-magharibi ni sehemu ya Montserrat?

Hicho ni Redonda, na ni cha Antigua na Barbuda, ingawa kiko karibu zaidi na Montserrat na Nevis. Kuanzia miaka ya 1860 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia palichimbwa kinyesi cha ndege na fosfati kwa ajili ya mbolea, na wachimbaji wengi walitoka Montserrat. Kazi ilipoisha walibaki panya na mbuzi, wakala kila jani hadi kisiwa kikawa jiwe tupu. Mwaka 2017 panya walimalizwa na mbuzi wakahamishiwa Antigua. Majani yakarudi ndani ya muda mfupi sana, na ndege na mijusi wakaongezeka.